Lundo la mboji nalo linahitaji kupumua

Vikundi vya bustani vinavyotengeneza mboji kwa taka za sokoni na jikoni hukutana na shida mbili: lundo linanuka na kujaa nzi, na miezi inapita taka zikiwa bado taka. Mara nyingi ubaya hauko kwenye taka zenyewe. Uko chini ya lundo, kwenye sakafu.

Mboji hutengenezwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wale wanaofanya kazi haraka na kutoa joto huhitaji hewa. Wakiikosa, nafasi yao huchukuliwa na wengine wanaoozesha polepole bila joto la kutosha, na hao ndio wanaoleta ile harufu ya mayai viza. Liangalie jiko la mkaa. Mkaa hukaa juu ya matundu, hewa huingia kwa mlango wa chini. Majivu yakiziba matundu, moto hufifia hata kama mkaa ni mwingi. Lundo nalo ni hivyo hivyo: hewa ya moto hupanda, na hewa baridi huvutwa kutoka chini, mradi iwe na njia.

Kwa nini joto ni jambo la afya?

Taka zetu hazitenganishwi vizuri. Ndani yake hupatikana nepi na kinyesi cha watoto, na humo mna mayai ya minyoo ya tumbo yanayoweza kukaa udongoni kwa miaka. Mboji isiyopata joto ikitiwa kwenye mchicha, minyoo hurudi kwenye sahani. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1993 kuhusu tope la maji machafu hutaka lundo linalopata hewa kutoka chini lifikie nyuzi joto 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 3. Lundo la kugeuzwa hutakiwa kukaa kwenye joto hilo siku 15 na kugeuzwa angalau mara 5. Kwa anayeshika koleo, tofauti hiyo si ndogo.

Kupitisha hewa chini ya lundo kulifanyiwa kazi sana huko Beltsville, Marekani, katika miaka ya 1970. Wataalamu walilaza mabomba yenye vitobo, wakaweka vipande vya mbao juu yake, kisha lundo, na hewa ikavutwa kwa feni. Njia ilifaa, lakini bomba lililolala juu ya sakafu hukanyagwa, hupasuka na kuziba. Ndiyo maana sehemu nyingi kubwa za mboji siku hizi huweka njia ya hewa ndani ya sakafu yenyewe.

Bila umeme pia inawezekana. Shindilia udongo, mwaga zege, na uache mifereji yenye upana na kina cha kama sentimita 10, ikiachana kama nusu mita. Ifunike kwa matofali ya kuchoma, ukiacha kati yake nafasi ya kidole. Usitumie mbao, mchwa watazimaliza. Sakafu iteremke sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili majimaji yaende kwenye shimo dogo, maana mfereji uliojaa maji haupitishi hewa. Ncha zote mbili za mfereji ziwe wazi, nje ya lundo. Kabla ya kuweka taka, tandaza vijiti na majani makavu kwa kina cha shubiri moja. Lundo lisizidi mita moja na nusu kwenda juu.

Kila lundo likiondolewa, inua matofali na kuzoa tope lililomo mferejini. Kazi hii haina sifa na wengi huikwepa, lakini sakafu nzuri isiyosafishwa haina tofauti na ardhi tupu.

Kupima joto, choma fimbo ya chuma katikati ya lundo, ngoja dakika 10, kisha ichomoe. Ikiwa huwezi kuishika, lundo linafanya kazi. Likibaki baridi, chungulia mifereji kwanza, halafu kamua konzi ya taka: yakitiririka maji, ongeza majani makavu, ikiwa kavu kabisa, nyunyiza maji. Ubaridi unaokuja baadaye, lundo likiwa limeshakaa na joto, ni wa kawaida. Liache mwezi mmoja zaidi kabla ya kulipeleka bustanini, na usitie humo uchafu wa vyooni. Huo hushughulikiwa na wafanyakazi waliofunzwa, wenye glavu na buti.