Chuo cha Kanisa kwa Asiye na Dini: Hesabu ya Mkazi wa Gitothua

Kijana wa Gitothua aliyepata C+ au zaidi katika KCSE hana haja ya kutafuta chuo mbali. Zetech iko papo hapo Ruiru. Barabara ya Thika ikishuka Nairobi inampitisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha Roysambu kwenye Pan Africa Christian (PAC). Ikipanda inamfikisha JKUAT pale Juja na Mount Kenya mjini Thika. Ikiwa hana dini, jamaa watamuuliza kama ataweza kuvumilia maombi. Lakini mwenye kulipa karo aulize pia: ibada na masomo ya dini yatamgharimu shilingi ngapi, na saa ngapi?

Vyuo vya umma

Kwa mfuko, Kenyatta na JKUAT ndizo za kuanzia. Serikali ilipoleta mfumo mpya wa ufadhili mwaka 2023, iliacha kuwapeleka wanafunzi wapya vyuo vya kibinafsi kwa gharama yake. Ufadhili usiorudishwa ukabaki kwa waliopangiwa vyuo vya umma. Ukristo huko hauna uhaba, kwani vikundi vya wanafunzi Wakristo (CU) vina wafuasi wengi, lakini kujiunga ni hiari.

Vya kibinafsi visivyo vya kanisa

Zetech na Mount Kenya zinataka karo kamili. Mkopo wa HELB unaweza kuombwa, ila deni ni deni. Nafuu ya vyuo hivi ni kulala nyumbani na kula kwa mama.

Vya kanisa

Hapa vyuo havifanani. PAC ilianza 1978 kama chuo cha Biblia, na ndiyo iliyo karibu zaidi na Gitothua. Daystar, iliyopata hati ya chuo kikuu mwaka 1994, ina ibada Jumanne na Alhamisi, na masomo ya Biblia humpata hata mwanafunzi wa uhasibu. Baraton ya Waadventista iko Nandi: Jumamosi ni Sabato, na mlo wa chuo hauna nyama. Ukienda huko unaokoa nauli ya kila siku, lakini unabeba gharama ya hosteli. Strathmore ina mizizi ya Kikatoliki, ila tangu ilipoanza mwaka 1961 imewapokea watu wa dini mbalimbali.

Piga hesabu hivi

Karo ya vyuo vingi vya kibinafsi hufuata yuniti. Omba orodha ya yuniti zote za shahada, kisha hesabu za dini. Kwa mfano tu, yuniti ikiwa shilingi 12,000 na za dini ziwe nne, hizo ni shilingi 48,000. Kisha tazama ratiba. Siku yenye ibada bila mhadhara inakula nauli ya kwenda na kurudi, na kutoka Gitothua hadi kampasi ya Daystar ya Athi River ni safari ya kuzunguka kwa Eastern Bypass na Barabara ya Mombasa. Uliza mahudhurio yanahesabiwaje, na anayekosa anafanywa nini.

Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Hata hivyo, fomu ya kujiunga ina kanuni utakazotia sahihi. Zisome kabla ya kulipa. Kudai haki hiyo mahakamani baadaye kutakugharimu zaidi ya muhula mzima.

Uamuzi

Kozi unayoitaka ikipatikana Kenyatta au JKUAT na umepangiwa huko, nenda. Ukikosa, linganisha Zetech na Mount Kenya kwanza. Chuo cha kanisa kinafaa pale tu kinapokuwa bora wazi katika kozi yako, mfano mawasiliano kule Daystar, na yuniti za dini ukawa umeshaziweka kwenye bajeti. Anayezichukulia kama somo la historia na fasihi hatapoteza kitu. Anayejua zitamkera miaka minne asiende, hata akipunguziwa karo.