Usiangalie Ilipoangukia

Droni ya chama chetu haina taabu ya kuruka. Inapanda vizuri, inatulia hewani kama mwewe anayewinda vifaranga, na picha zake zinatazamika. Taabu yake ni kutua. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, kila ilipokaribia chini ilikuwa bahati nasibu: mara itue salama, mara ipinduke na kuvunja panga, na shughuli ya siku hiyo iishie hapo. Ilinunuliwa kwa michango ya wanachama ili iturekodie Siku ya Kiswahili mwezi Aprili. Siku hiyo watakuwepo wazazi wetu, bibi na babu, na watoto wadogo wanaokimbia kila upande. Panga la droni, hata ndogo, linakata kidole. Chombo kisichojua kutua hakina ruhusa ya kuruka mbele ya watu hao.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoitafuta kasoro yake. Tunawaandikia wenzetu wenye droni zao, lakini pia walimu wetu, kwa sababu dawa yake ilianzia kwenye msamiati.

Daftari la vitenzi

Tuna daftari ambamo kila mruko huandikwa kwa Kiswahili: tarehe, mahali, hali ya betri, na jinsi droni ilivyotua. Wiki za kwanza safu ya mwisho ilikuwa na neno moja tu, "Imeanguka." Mwalimu wetu alipolipitia daftari, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Imeangukaje?"

Wengi wetu Kiswahili chetu ni cha nyumbani: cha jikoni, cha simu ya Jumapili kwa shangazi, cha kanisani na msikitini. Likija suala la mota na volti tunakimbilia Kiingereza. Lakini kwa kueleza namna kitu kinavyoanguka, Kiswahili cha nyumbani ni tajiri kweli. Mwenzetu ambaye wazazi wake ni wa Mombasa aliandika "yaenda mrama", kama jahazi linalolala upande huu na upande ule. Yule ambaye kwao ni Bukavu akaandika "inarukaka tena", yaani kila ikigusa chini inainuka. Wa Dar es Salaam akasema hiyo ni kudunda. Baada ya majuma mawili tulikuwa na vitenzi vitano, na tuligundua kwamba kila kitenzi kina chanzo chake. Hivi hapa, pamoja na dawa zake.

Kuporomoka. Droni inashuka wima, halafu ikiwa mita mbili tatu juu inaanguka kama jiwe. Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni hewa. Mapanga huibeba droni kwa kusukuma hewa chini. Ikishuka wima kwa kasi, inaingia ndani ya hewa ile ile iliyoivuruga yenyewe, na mapanga yanakosa pa kushika. Marubani wa helikopta nao huiogopa hali hii. Dawa ni kushuka polepole, huku ukisogea mbele kidogo. Mshukiwa wa pili ni betri. Seli moja ya betri ya lithiamu ya aina inayotumika sana kwenye droni huwa na volti 4.2 ikijaa, na wengi hutua inapofika kama 3.5. Mota zikidai nguvu nyingi kwa ghafla volti huzama, hasa siku za baridi. Ili kujua mshukiwa ni yupi, tazama volti kwenye skrini wakati droni inapoporomoka. Zikiwa hazikuzama, iache betri na uangalie namna unavyoshuka.

Kudunda. Karibu kabisa na ardhi, hewa inayosukumwa chini hukosa pa kwenda, na droni huwa kama imekalia mto. Mwendeshaji akiona haishuki hupunguza nguvu kupita kiasi, droni inajigonga, anaongeza, inaruka. Zaidi ya hayo, droni nyingi hukisia kimo chao kwa kupima mgandamizo wa hewa, na hewa iliyobanwa chini yake huharibu hesabu hiyo. Dawa ni kutokuelea karibu na ardhi. Ikibaki kama sentimita 30, vuta kijiti chini kwa utulivu na ukishikilie hapo mpaka mota zizime.

Kutetemeka. Panga lililopinda au kumeguka ncha linatikisa mwili mzima, na vihisi vinavyopima mwinamo vinapokea kelele badala ya habari. Toa betri, kisha zungusha kila mota kwa kidole. Ikikwaruza, kuna mchanga ndani au beringi imechoka. Panga lenye jeraha libadilishwe, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Kuyumba. Droni inaserereka upande bila kuamriwa. Nje inajua ilipo kwa msaada wa setilaiti. Ndani ya jengo msaada huo ni hafifu au haupo kabisa, hivyo droni kama yetu hutegemea kamera ndogo ya tumboni inayotazama alama za chini zikisogea. Sakafu yenye rangi moja, inayong'aa, au theluji tupu haina alama za kutazama. Ni kama kumwambia mtu asimame palepale huku umemfunga macho.

Kupinduka. Mguu mmoja unagusa chini wakati droni bado inakwenda upande. Mguu ule unakuwa egemeo. Kompyuta ya droni inahisi mwinamo, inaongeza nguvu upande mmoja ili kuunyoosha, lakini mguu umeshakwama, na juhudi za kujiokoa zinaweza kuwa ndizo zinazoiangusha chali. Majani marefu yanafanya vivyo hivyo yakinasa panga.

Ilikojikwaa

Wazee wanasema: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Kila ajali yetu iliacha panga lililovunjika, na kitu kilichovunjika ndicho kinachovuta macho. Lakini daftari lilipoanza kutumia vitenzi vitano, mpangilio ulijitokeza wenyewe. "Imepinduka" halikukaa peke yake hata mara moja. Kabla yake, katika mstari ule ule, palikuwa na "imeyumba". Tena palikuwa na mahali: ukumbi wa michezo. Uwanjani, siku chache ambazo theluji iliruhusu, droni ilidunda lakini haikuyumba, wala haikupinduka.

Sakafu ya ukumbi ule ni ya mbao iliyopigwa vanishi, na taa za dari zinamulika ndani yake kama kwenye maji. Kamera ya tumboni ilikuwa inaona mng'ao unaocheza. Kwa hiyo droni iliyumba, mguu ukagusa ikiwa mwendoni, ikapinduka, panga likavunjika. Panga lilikuwa mwisho wa safari, si mwanzo wake.

Tulikubaliana kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kutua mara tano kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha mapanga, betri na mahali pa kutua siku moja, ikatua vizuri, hutajua umshukuru nani. Mapanga mapya pekee: iliyumba bado. Betri iliyojaa pekee: iliyumba bado. Kisha tukatandika chini kitu chenye alama. Pendekezo la kwanza lilikuwa kanga, kwa kuwa lina maua na rangi za kutosha, lakini kitambaa chepesi kinapeperushwa na upepo wa mapanga na kinaweza kunaswa. Mama wa mwenzetu mmoja akatuazima mkeka wa ukili wenye rangi nyekundu na zambarau. Tuliubana pembe nne kwa chupa za maji zilizojaa. Juu ya mkeka droni ilitulia. Kudunda kulibaki, na kuliisha kwa mazoezi ya mkono.

Hata wakubwa hupata kazi

Asidhani mtu kwamba taabu ya kutua ni ya wapenda mchezo tu. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege za Zipline zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Ndege hizo za mwanzo hazitui hospitalini kabisa: hudondosha mzigo kwa mwavuli, na zikirudi kituoni hunaswa hewani kwa kamba. Zanzibar, katika upigaji picha za ramani ulioanza mwaka 2016 na kuwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zilitumika ndege nyepesi zenye mabawa zinazoteleza chini kwa tumbo. Kila mmoja alichagua namna yake ya kurudi ardhini kulingana na kazi yake na mahali pake. Sisi namna yetu ni mkeka.

Masharti ya Aprili

Kamati imepitisha masharti matatu. Kwanza, droni itue salama mara 20 mfululizo kabla ya Siku ya Kiswahili. Ikipinduka mara moja, hesabu inaanza upya. Tunapoandika haya imefika 14. Pili, rubani awe amefaulu mtihani wa usalama wa TRUST, ambao hapa Marekani ni wa lazima kwa anayerusha kwa burudani na hufanywa bure, na nje asipite kimo cha futi 400. Tatu, hata hesabu ikitimia, droni itapiga picha za uwanja na mapambo asubuhi, kabla wageni hawajafika. Watoto wakianza kuingia, itakuwa mkobani, na betri imetolewa. Picha za bibi zetu zitapigwa na mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili.

Majina nayo bado tunabishana. Wengine wanasema droni, wengine ndege nyuki. Kamusi ina rafadha na sisi tunasema mapanga. Daftari liko wazi kwa wote. Ukija Jumamosi saa nne asubuhi ukumbini, utapewa kalamu kabla ya kupewa rimoti, na utaulizwa swali lile lile la mwalimu: imetuaje?