Basi la Shule Katika Makutano ya Barabara: Mambo Yampasayo Mzazi Kuyafahamu

Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la wanafunzi lilitumbukia korongoni wilayani Karatu, mkoani Arusha. Watu 35 walipoteza maisha: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa zima liliomboleza. Hata hivyo, ipo hatari nyingine ya usafiri wa wanafunzi isiyotangazwa sana, kwa kuwa haichukui watoto wengi kwa mpigo. Ni hatari inayomkabili mtoto aendaye kwa miguu pale basi linapokata kona. Makala haya yanaeleza chanzo chake, na jinsi mzazi wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla anavyoweza kusaidia kuipunguza.

Mazingira yetu

Barabara itokayo Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi hubeba magari ya safari ndefu, na papo hapo hutumiwa na wakazi wa miji inayopitiwa nayo. Mitaa huingia barabarani humo pande zote. Basi la shule likifika njia panda hukutana na bodaboda, baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na, katika msimu wa ununuzi wa pamba, malori yaliyosheheni. Katikati ya vyombo hivyo hupita wanafunzi waendao shuleni kwa miguu, ambao hawana basi wala mtu mzima wa kuwavusha.

Jambo jingine ni mwanga. Kwa kuwa Simiyu iko magharibi zaidi, jua la Bariadi huchomoza takriban dakika 20 baada ya lile la Dar es Salaam, ilhali saa za nchi nzima ni moja. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, basi linapokuwa limeshaanza kukusanya wanafunzi, giza huwa halijaondoka vizuri. Mtoto aliyevaa sweta la rangi nyeusi au buluu iliyokolea huonekana kwa shida hata mbele ya taa za gari.

Kwa nini kona ni hatari

Nchini kwetu magari hupita upande wa kushoto, na dereva huketi kulia. Basi linapokata kona kushoto, mtoto aliyesimama pembeni huwa upande ulio mbali na macho ya dereva. Aidha, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Huikata kona kwa ndani na kuusogelea ukingo wa barabara. Mtoto aliyeona sehemu ya mbele imepita salama huweza kudhani kwamba hatari imekwisha, kumbe ndiyo inamkaribia.

Basi linapokata kona kulia, dereva hulazimika kutazama magari yanayomjia. Akipata nafasi, huharakisha kuvuka. Anaweza kusahau kwamba katika barabara anayoingia yupo mtu anayevuka, hasa iwapo mtu huyo amefichwa na nguzo ya kioo cha mbele.

Mbele ya basi nako kuna eneo ambalo dereva aketiye juu halioni. Mtoto mdogo aliyeinama karibu na bampa kuokota daftari huwa hayupo kabisa machoni pake.

Mwendo huongeza madhara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, husafiri takriban mita 14 kwa sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, umbali huo ni takriban mita 8. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza ukomo wa kilomita 30 mahali ambapo magari huchanganyika na watembea kwa miguu.

Mwenendo wa dereva makini

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humtaka dereva kumpisha aliye katika kivuko cha waenda kwa miguu. Dereva makini hazingatii pundamilia tu. Katika kila makutano:

1. Hupunguza mwendo mapema, na huwasha taa ya kuonyesha mwelekeo kabla ya kufika.
2. Hutazama kioo cha kushoto kabla ya kukata kona na tena akiwa ndani ya kona.
3. Husimama kabisa iwapo mtoto yuko ukingoni, bila kumpigia honi ili akimbie.
4. Hashushi wanafunzi mahali ambapo basi linaziba kivuko au kona.
5. Haondoki hadi msaidizi wa basi amhakikishie kwamba kila aliyeshuka yuko mbali na magurudumu.

Wajibu na haki za mzazi

Mzazi anayelipia usafiri ni mtumiaji wa huduma, na anayo haki ya kuuliza. Uliza iwapo basi lina leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iwapo dereva ana leseni ya daraja linalostahili, na nani humsaidia kushusha watoto. Uliza pia dereva hufanya safari ngapi kila asubuhi. Basi moja likipangiwa mizunguko mingi kwa muda mfupi, mwendo kasi huwa umeshapangwa ofisini kabla dereva hajawasha gari.

Nawe pia timiza sehemu yako. Mtoto awe tayari kituoni kabla ya basi kufika, kwani kila dakika anayosubiriwa hufidiwa barabarani. Mfundishe asipite mbele wala nyuma ya basi alilotoka kushuka. Asubiri liondoke ndipo avuke. Akitembea gizani, awe na kitambaa cheupe au kinachoakisi mwanga.

Iwapo makutano fulani hayana alama, toeni taarifa kupitia serikali ya mtaa au kijiji. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Za mijini na vijijini husimamiwa na TARURA. Ukiona dereva anahatarisha watoto, andika namba ya gari, mahali na saa, kisha toa taarifa shuleni, polisi wa usalama barabarani au LATRA. Kwa dharura, piga 112. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC) hupokea maoni na malalamiko ya watumiaji.

Usisubiri mtoto wako awe ndani ya basi hilo ndipo uchukue hatua. Mtoto anayevuka kwa miguu mbele yake huenda hana mzazi wa kumuuliza dereva.