Kwa nini "share me" haisimami

Mwanafunzi wa sekondari akitaka daftari la mwenzake kwa Kiingereza, mara nyingi husema "share me your notes". Kiingereza sanifu hudai "share your notes with me". Walimu hulifuta kosa hili kwa kalamu nyekundu na kuendelea na somo, nami naona wanamnyima mwanafunzi maelezo anayoyastahili, kwa sababu chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Tunaposema nigawie, niletee au nitumie, mpokeaji yumo ndani ya kitenzi: "ni" imemtaja, na kauli ya kutendea imeonyesha kuwa tendo linafanywa kwa ajili yake. "Give me" na "send me" zinakubali mpangilio huo, basi mwanafunzi anadhani na "share" itakubali.

Haikubali. Neno hili lina undugu na "shear", kukata manyoya ya kondoo, na katika Kiingereza cha kale nomino yake, scearu, ilihusu kukata na kugawa. Aliyekata hakukabidhi kitu chote akaondoka. Alibaki na fungu lake. Ukikumbuka hilo, "with" haikusumbui tena: mwenzako anatajwa kama mwenye fungu pamoja nawe.

Tatizo kubwa zaidi hujitokeza katika kutafsiri. Kiingereza hutumia kitenzi hicho hicho kwa embe, chumba, maoni na hata siku ya kuzaliwa. Kiswahili hakiruhusu ulegevu huo. Embe tunagawana, na kila mmoja hupata pungufu. Chumba hakikatwi: tunakaa chumba kimoja. Maoni yetu ni sawa, na tulizaliwa siku moja. "Wanashiriki chumba", ninayoikuta mara kwa mara katika tafsiri, inaniudhi, maana kushiriki hudai shughuli: mazishi, mkutano, uchaguzi. Kikundi cha akiba kikifikia mwisho wa mzunguko na kugawana fedha zote, hapo Kiingereza huongeza "out", na "share" ikiwa nomino ni hisa za wanachama.

Kwenye simu, mtumaji wa picha hapungukiwi na chochote, kwa hiyo kugawana hakufai. Tangazo la mtoto aliyepotea likiandikwa "tafadhali share", mwandishi anataka lisambazwe. Rafiki akiomba picha za harusi, anataka atumiwe yeye tu.