Harufu ya Petroli si Jambo la Kuzoea

Aliyeitambua hatari hii mwanzo hakuwa fundi wala dereva. Alikuwa mke wa mpwa wangu, ambaye kwa wiki kadhaa alilalamika kwamba chumba cha binti yao mdogo, kilicho juu ya gereji ya nyumba, kinanuka petroli. Mumewe alimjibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo.

Wao wanaishi kusini mwa Uingereza. Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 1990, gari dogo la michezo lenye viti viwili na paa la kukunja. Mara chache kwa mwaka mpwa wangu hulipeleka katika uwanja wa Brands Hatch, Kent, siku ambazo wenye magari hulipa ada ili waendeshe kwa kasi pasipo kushindana. Nilipowatembelea alinialika tufuatane, kwa kuwa umri wangu mwingi umepita katika ufundi wa magari.

Alfajiri alijaza tangi hadi juu. Baada ya mizunguko michache alirudi, akazima injini, akavua kofia ngumu. “Mjomba,” alisema, “kila nikikata kona ya kulia harufu inazidi.”

Sikuomba spana. Fundi anayetafuta uvujaji huanza kwa maswali: harufu huja lini, huja upande gani, na tangi lina mafuta kiasi gani wakati huo? Alifikiri kidogo, akakumbuka kwamba tangi likiwa nusu hajapata kunusa chochote. Hata ile harufu ya nyumbani ilikuja jioni zile alizojaza mafuta njiani na kuliegesha gari.

Majibu hayo yalikuwa nusu ya kazi. Katika injini ya nozeli, pampu husukuma petroli kwa kanieneo la takriban bar 3. Mpira au maungio ya upande huo yakipasuka, mafuta huvuja kila injini inapofanya kazi, tangi liwe limejaa au lina kidogo. Uvujaji unaokuja tangi likijaa tu huelekeza macho juu ya tangi: mpira wa shingo ya kujazia, mipira ya kupumulia, au gasketi ya geji ya mafuta.

Kona nayo ilitoa ushahidi wake. Gari likikata kulia kwa kasi, petroli hutupwa kushoto, na katika gari hilo mdomo wa kujazia uko kushoto. Uwanja wa Brands Hatch huzungukwa kwa mwelekeo wa saa, na kona zake nyingi ni za kulia. Safari ya kawaida ya kwenda sokoni isingeufichua ufa huo upesi namna ile.

Injini ilipopoa, kizimamoto kikiwa karibu, tulikagua mbele kwanza. Kulikuwa kukavu. Kisha tukainua zulia nyuma ya viti, tukafungua bamba la chuma linalofunika upande wa juu wa tangi. Mpira unaounganisha shingo ya kujazia na tangi ulikuwa umekauka na kupasuka chini ya klipu yake, na chuma kilichouzunguka kilikuwa kimelowa.

Mpwa wangu alitaka kukaza klipu ili amalizie siku. Nilikataa. Mpira uliozeeka ukikazwa hupasuka zaidi, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali kuliko ya barafu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa; huzama, hutambaa sakafuni, na cheche moja ya swichi yaweza kuuwasha. Uwanjani kuna ekzosi yenye moto mkali. Nyumbani kulikuwa na mtoto aliyelala juu ya gereji. Gari lilirudi likiwa juu ya trela, na usiku ule liliachwa nje.

Kazi ilifanyika uani, mbali na moto. Tulitenganisha betri, tukatoa petroli katika madebe yanayofaa, tukabadilisha mipira yote ya mafuta wala si ule mmoja, kwa sababu yote ilikuwa ya umri mmoja. Tulichagua ile inayostahimili ethanoli. Kwa upande wenye kanieneo, mpira wenye alama ya R9 ndio ufaao. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida nchini humo huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo huidhoofisha mipira ya kale.

Kwa wenye magari ya aina nyingine, dalili hutofautiana. Gari la kabureta likinuka mara baada ya kuzimwa likiwa la moto, tazama kabureta: huenda joto linachemsha petroli na kuimwaga, au sindano ya floti haifungi. Gari likivuja asubuhi za baridi, kisha likakauka injini ikipata joto, kagua maungio na o-ringi zilizosinyaa. Usitafute uvujaji kwa mwali wa moto, wala usifungue mpira wa nozeli kabla ya kupunguza kanieneo lililobaki ndani.

Gari lilipokamilika, tulijaza tangi na kuliacha uani usiku kucha. Asubuhi mpwa wangu hakuinama kunusa. Alimwita mkewe. Mama yule alizunguka gari mara mbili, akapanda chumbani kwa binti yake, akarudi na kusema hanusi kitu.

“Ulisema mapema,” mumewe alimwambia, “nami sikusikiliza. Nisamehe.”