Visiki vya Shinyanga

Sogeeni, wanangu, niwape kisa cha mkoa uliofyeka mapori yake kwa ajili ya inzi.

Inzi mwenyewe si huyu anayetua kwenye chai. Ni mbung'o, mnyonya damu. Akimwambukiza ng'ombe nagana, ng'ombe hukonda mpaka anakufa. Binadamu naye humletea malale. Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, kwa hiyo enzi za Waingereza huko Shinyanga, Usukumani, iliamuliwa vichaka viondoke. Vikafyekwa, na kweli mbung'o akapungua. Mifugo ikaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, shoka halikupumzika.

Mvua ya Shinyanga ni chache, na ikija huja kwa fujo. Penye mti, tone hugonga majani kwanza, likifika chini limeishiwa nguvu, na maji huzama taratibu kufuata mizizi. Pasipo na mti, tone hupiga udongo mtupu, kisha maji hukimbilia korongoni na rutuba ya shamba la watu. Kina mama wakawa wanafuata kuni mbali sana. Wengine walipozikosa walichoma samadi, ile ile ambayo ingetiwa shambani! Watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Miche ilipandwa, ndiyo, lakini kazi kubwa zaidi ilifanywa na kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu kwa mababu zao: ngitili. Hayo ni malisho yanayofungwa mvua zikianza. Hakuna kuchunga humo. Kiangazi kikikaza, kwingine kukibaki vumbi, ndipo hufunguliwa ili ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia wapate majani.

Mgunga uliokatwa, wanangu, mara nyingi haujafa. Kisiki kina uhai chini, ila kila kikichipua mbuzi wanamaliza. Kikipata nafasi ndani ya ngitili, machipukizi hutoka kwa fujo pembeni mwake. Mwenye shamba huchagua mawili matatu yaliyonyooka, mengine huyapogoa. Hayo hukua upesi kuliko mche wa kitaluni, maana mche ndiyo kwanza unatafuta maji, na kisiki kinajua yalipo.

Mpakani hupandwa minyaa. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika. Utomvu wake mweupe ni mkali, ng'ombe hawaugusi. Nanyi msiuguse, ukiingia jichoni mtalia siku nzima.

Ua peke yake halimzuii mchungaji mkaidi. Ndiyo maana mkutano wa kijiji, dagashida, ukaweka sheria na faini, na sungusungu wakalinda. Kwa maoni yangu hapo ndipo mradi ulipofanikiwa, kwa sababu sheria ilikuwa ya wenyewe.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimefunika zaidi ya hekta 300,000. Kuni zikapatikana karibu, pamoja na asali, nyasi za kuezekea, matunda pori na mizizi ya dawa. Vijiji vingine viliuza mazao ya ngitili vikajengea madarasa. Ndege wakarudi, na wanyama wadogo wadogo.

Fisi nao wakarudi, jambo ambalo wenye mbuzi hawakulifurahia hata kidogo.