Jirani yuko Kilimani, masikio yako Uchina

Ukipita Kilimani, Kileleshwa au Lavington Jumapili alasiri, huenda ukakutana na Wachina wawili watatu wakitembea kando ya barabara, kila mmoja ameinamia simu yake ya mkononi. Wanampita bawabu, wanampita mama muuza mboga, na salamu hakuna. Wengi wetu hukata shauri papo hapo kwamba watu hawa wana maringo. Lakini hebu tujiulize, mpenzi msomaji: ndani ya simu ile mna nini?

Kwa wengi wao mna WeChat, programu ya Kichina iliyoanza mwaka wa 2011. Humo watu huzungumza, huandikiana, husoma habari na kulipana pesa. Wako wanaouliza kwa nini jirani huyu asitumie WhatsApp kama sisi. Jibu ni rahisi. Serikali ya Uchina iliifungia Facebook mwaka wa 2009, na WhatsApp ikafuata mwaka wa 2017. Mama mzazi aliyebaki Henan au Sichuan hapatikani huko. Kwa hivyo mhandisi anayekuja kujenga barabara zetu hana budi kuendelea na simu ya kwao. Hayo si maringo, ni kumtafuta mama.

Tena simu hiyo haileti habari za nyumbani pekee. Kikundi kimoja cha WeChat chaweza kuwa na watu hadi 500, na humo mgeni huuliza kwa lugha yake nyumba ya kupanga, daktari, shule ya watoto au njia ya kupata kibali cha kazi. Vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024, ubalozi wa Uchina uliwaonya raia wake wawe macho. Kwa mtu asiyesikia Kiingereza wala Kiswahili, onyo la lugha yake ndilo linalomwokoa.

Tatizo ni kwamba anayejibu maswali yote hayo ni Mchina mwenzake. Akishapata jibu hapo, hana haja tena ya kumuuliza bawabu wala jirani wa ghorofa ya chini. Baada ya miaka miwili yamkini atazijua barabara zote za Nairobi bila kumjua Mnairobi hata mmoja. Na kama ilivyo desturi ya habari popote, ile ya wizi huenea upesi kuliko ya mtu aliyeokota pochi akairudisha. Hofu huzidi, naye mgeni hujifungia.

Lakini tusicheke. Mkenya aliye Doha au Dallas hufanya vivyo hivyo: asubuhi hufungua redio ya nyumbani kwa intaneti, jioni yumo katika kikundi cha WhatsApp cha watu wa kijiji chake akichangia matanga, na mzungu wa mlango wa pili hamjui jina.

Zamani kidogo mambo yalikuwa tofauti. Mwaka wa 2006 Redio China Kimataifa ilifungua kituo cha FM hapa Nairobi, kikatangaza kwa Kichina, Kiingereza na Kiswahili. Redio ina uzuri wake: ikifunguliwa jikoni, mpishi Mkenya na mwajiri wake Mchina husikia kitu kimoja, hata kama mmoja haelewi. Simu iliyotiwa waya wa masikioni haina wa kuidukiza.

Ajabu ni kwamba watu wengine wameingia ndani ya simu hiyo, nao si wa Kilimani. Ni wafanyabiashara wetu wa katikati ya jiji. Mnamo Februari 2023 waliandamana wakilalamika kwamba Wachina wanauza rejareja kwa bei ya chini na kuwamalizia biashara. Hata hivyo, wanaoagiza mali kutoka Guangzhou na Yiwu wanayo WeChat kama Wachina wenyewe. Hutuma picha ya bidhaa, programu hutafsiri maneno, bei hupatanwa. Mahali pale Mkenya na Mchina huulizana hata habari za watoto, ilhali majirani wa Kileleshwa wanaotumia lango moja hawajaulizana.

Na ni kwa watoto ambapo jambo hili huwa gumu zaidi. Beijing iko mbele ya Nairobi kwa saa 5. Mtoto wa Kichina akirudi kutoka shuleni saa kumi alasiri, kwa nyanya yake kule ni saa tatu usiku, na ajuza hukaribia kulala. Wakizungumza, ni sasa. Asipozungumza, Kichina chake kitapotea na nyanya atabaki mgeni kwake. Lakini saa kumi ndiyo saa ambapo watoto wengine wa ploti wanatoa mpira nje. Mzazi anashika simu, anamwita mtoto ndani, huku kelele za wenzake zikipanda kutoka uani.